Vijiko Ishirini vya Klorini

Walimvua jile, kizibao chake cha kazi, mbele ya foleni. Ilikuwa Jumanne, saa mbili asubuhi, pale ufukoni Himbi, mjini Goma, ambapo watu wa mitaa ya juu hushuka kuchota maji ya ziwa tangu mabomba yao yalipokauka. Foleni ya bidoni za njano, madumu ya lita ishirini, ilikuwa imefika kwenye ukuta wa mawe. Msimamizi wa shirika la maji, Benny Kambere, alipanda juu ya jiwe ili aonekane, akakunjua karatasi yenye muhuri, akaisoma kwa sauti ya mtu anayesoma matangazo baada ya misa. Kwamba Bi Kavugho Charline, mtia-dawa wa kituo hiki, amesimamishwa kazi kuanzia leo. Kwamba mashahidi wamemwona akipunguza kipimo cha klorini. Kwamba kwa sababu ya uzembe wake watu thelathini na mmoja wamelazwa kwa kipindupindu na wawili, mtoto na mzee, wamekufa. Kisha akanyoosha mkono.

Charline akampa kwanza sindano, ile isiyo na ncha ambayo watia-dawa hupimia klorini. Halafu akaanza kufungua jile ya buluu. Zipu ilikwama katikati kama ilivyozoea kukwama.

"Polepole, mama," Benny akamwambia. "Usiipasule, iko ya shirika."

Foleni ikaanza kusema.

"Huyu njo aliuaka batoto."

"Miye nilisemaka maji haina harufu. Hakuna mutu alinisikia."

"Weye? Weye ulisemaka harufu ni mingi, unalalamika kila siku sawa bibi arusi."

Watu wawili watatu walicheka. Benny akampa Victoire sindano. Victoire ni mwenzake Charline kazini wa miaka mitatu. Aliipokea huku akitazama chini, akavuta dawa, akaitia katika bidoni iliyofuata. Foleni ikasogea. Charline alikuwa bado amesimama pale na fulana yake, bila jile. Alijiuliza ni kitu gani anachopaswa kuhisi, akatafuta, hakukipata. Akapanda kwa miguu kuelekea mtaa wa Majengo, anakoishi. Njiani aliona kila kitu kwa usahihi wa ajabu: kamba ya buluu iliyofunga mzigo wa makaa juu ya chukudu, ule mkokoteni wa mbao wa magurudumu mawili, kuku wa mtu akidonoa pembeni mwa barabara, bango la duka lililoandikwa upya juu ya maandishi ya zamani. Hakuna hata kimoja kilichomgusa.

Charline Kavugho alizaliwa Butembo, akamaliza masomo ya sekondari huko katika kitengo cha biolojia na kemia, akaolewa na Evariste, mchongaji wa mawe ya volkano, akahamia Goma. Ana miaka thelathini na minane. Binti yao Riziki anasoma Butembo na anakaa kwa nyanya yake. Kwa miaka sita Charline amefanya kazi moja, na kazi yenyewe ni rahisi kuieleza. Klorini huja ikiwa poda ndani ya pipa. Kila alfajiri watia-dawa wanne wa kituo huchukua bidoni moja ya lita ishirini, hutia ndani yake vijiko ishirini vya supu vilivyosawazishwa kwa kisu, hukoroga, husubiri tope litulie. Hiyo ndiyo dawa. Kisha siku nzima kila bidoni inayotoka ziwani hupata mililita tano za dawa hiyo kwa sindano, na mwenyewe huambiwa asubiri nusu saa kabla ya kunywa. Mililita tano, bidoni inayofuata. Mililita tano, inayofuata. Mtia-dawa mmoja hurudia tendo hilo mara mia nane kwa siku. Ngozi ya vidole vyake hupasuka, hubanduka, huota, hupasuka tena.

Watu hawaipendi klorini. Husema inaharibu chai, inaharibu maharagwe, inafanya uji unuke hospitali. Wengine huficha bidoni zao nyuma ya mgongo na kuondoka haraka. Mtia-dawa mzuri ni yule anayejua kubishana bila kugombana, na Charline alikuwa hodari kwa hilo. Alimjua kila mama kwa jina la mtoto wake.

Mwaka huu, vita ilipoingia mjini na uwanja wa ndege ukafungwa, mapipa ya zamani yaliisha. Mwezi wa tatu yakaja mapipa mengine kwa lori. Yalikuwa meupe badala ya buluu, na maandishi yake yalikuwa ya herufi ambazo hakuna aliyezijua kituoni. Lakini tarakimu hazihitaji mkalimani. Kwenye mapipa ya zamani paliandikwa 70 kwa mia. Kwenye haya paliandikwa 35 kwa mia. Charline aliisoma tarakimu hiyo asubuhi ya kwanza, kifuniko kikiwa bado mkononi, akamwita Benny.

"Shefu, hii poda nguvu yake ni nusu ya ile ingine. Inatakiwa vijiko makumi ine, hapana makumi mbili."

Benny aliitazama tarakimu. Alikuwa kijana mwenye heshima, aliyevaa viatu safi hata ufukoni. "Mama Charline, unajua vile pipa zilichelewa. Tukitia makumi ine, zitaisha mbele ya mwezi kuisha. Nitauliza ofisi."

Aliuliza. Siku ya tatu akarudi na jibu.

"Wanasema protokoli haibadilike. Vijiko ni makumi mbili."

"Protokoli iliandikwa ju ya poda ingine."

"Mama, miye sikuandika protokoli. Ile waliniambia njo nakuambia."

"Basi watupe vile vidonge vya kupimia maji, tuone kama inatosha."

"Vidonge viliisha tangu mwezi wa kwanza. Unajua."

Alijua. Vidonge hivyo ndivyo vilivyokuwa vikigeuza maji kuwa na rangi ya waridi pale klorini inapotosha. Bila vidonge, macho hayana la kusema. Charline alisema mara nyingine moja, katika mkutano wa Ijumaa, mbele ya wenzake watatu. Victoire alimkanyaga mguu chini ya meza. Baada ya hapo hakusema tena. Alitia vijiko ishirini, akavisawazisha kwa kisu vizuri kabisa, kama kwamba usawa wa kisu ungeongeza kitu.

Kilichofuata ni kwamba vidole vyake vilipona. Kufikia mwezi wa nne ngozi ilikuwa imejifunga, laini, na Evariste, ambaye mikono yake mwenyewe ni kama mawe anayochonga, aliushika mkono wake mezani akamwambia kwamba sasa ana mkono wa mke wa deputé, yaani mbunge. Charline alicheka. Alijua vidole vimepona kwa sababu gani, naye alifurahi vimepona. Jambo hilo hakulisahau baadaye.

Tena watu wengi walifurahi. Chai ilirudi kuwa chai. Walimsifu: mama Riziki siku hizi anatia dawa vizuri.

Dative Niyonsenga alikaa na Charline parseli moja, kiwanja kimoja, milango inatazamana, ndani ya ukuta mmoja wa mbao. Watu wa Dative ni wa Masisi. Yeye na mumewe Nizeyimana walishuka Goma miaka minane iliyopita na kuanza upya kwa kuuza maharagwe. Wanawake hao wawili walikuwa wamegawana chumvi, moto, habari na homa za watoto. Dative alikuwa na pua kali. Hata baada ya poda kubadilika alidai bado anasikia klorini, na kila aliposhuka ziwani alimwambia Charline maneno yaleyale.

"Mama Riziki, kwangu nusu. Unajua Nizeyimana, akisikia harufu anamwaga chai yote, halafu ananinunia mpaka kesho."

Na Charline alimtilia nusu. Mililita mbili na nusu. Si kila siku, lakini siku nyingi. Alifanya hivyo kwa urafiki, na kwa uchovu, na kwa sababu mahali fulani kichwani alikuwa ameshaamua kwamba dawa hiyo haina maana.

Mwishoni mwa mwezi wa tano ugonjwa ulipanda kutoka ufukoni. Uliwachukua watu wa mitaa minne waliochota kituo kimoja, waliotiliwa nusu na waliotiliwa kamili, bila kuchagua. Jumamosi asubuhi Munezero, binti wa Dative, mwenye miaka sita, alianza kuharisha maji meupe. Mchana walimkimbiza kwenye kituo cha matibabu. Jumapili, kengele za misa ya pili zikilia, alikufa. Waliomzika walikuwa wamevaa mavazi meupe na glavu ndefu. Mama yake hakuruhusiwa kumwosha wala kumvalisha.

Pamoja na karatasi iliyosomwa Jumanne, Benny alikuwa amempa Charline karatasi ya pili. Alipofika nyumbani aliifungua. Katika maofisi yetu mfanyakazi akituhumiwa hupewa barua inayomtaka ajieleze kwa maandishi ndani ya saa arobaini na nane. Ndio utaratibu, na ni utaratibu mzuri unapofuatwa. Lakini barua hii ilikuwa imekuja na majibu yake. Chini ya swali, maelezo yalikuwa yamekwisha kupigwa chapa: *Mimi ninayetia saini hapa chini nakiri kwamba nilipunguza kipimo cha klorini kwa hiari yangu mwenyewe, bila agizo la mtu, na kwamba mimi peke yangu nawajibika kwa matokeo yake.* Palibaki mstari mtupu wa jina na saini.

Evariste aliisoma saa kumi, aliporudi kutoka kazini, vumbi la mawe likiwa bado kwenye nyusi.

"Tia sinyatire," akasema.

"Ni uongo."

"Mama, nani alikuambia karatasi ya ofisi iko ya ukweli? Iko ya kufunga mambo. Benny aliniambia miye mwenyewe, nilimukuta njiani: ukitia sinyatire, watakupeleka kazi ya kufagia depo miezi mitatu, halafu watakurudisha. Ukikataa, wanakufukuza, na watasema ni weye vilevile. Sasa ukweli utakusaidia nini?"

"Na zile vituo zingine tano za shirika, kwenye poda hii hii? Bado wanatia makumi mbili."

"Wale wako na wenyewe wa kuwasemea."

Charline akaikunja karatasi. Evariste alimtazama, akalegea kidogo. "Sisemi kama ni weye uliua. Nasema mawe nikiichonga vibaya, mwenye nyumba haniulizi nyundo ilikuwa ya nani."

Hakuwa mtu mbaya, na hakuwa amekosea katika kila neno. Alikuwa ametaja mambo ambayo amewahi kuyaona. Charline aliiweka karatasi chini ya sahani, akapika. Ugali ulikuwa ugali. Aliula wote.

Ugumu ulikuwa huu, nao haukumruhusu hata kukasirika. Karatasi ilimtaka akiri kosa ambalo hakulifanya. Lakini palikuwa na kosa alilolifanya, dogo, la kweli, kwenye mlango unaotazamana na wake, na hakuna aliyemtaka alikiri hilo. Wale mashahidi waliomwona akipunguza dawa hawakusema uongo. Ofisi ilikuwa imeokota punje moja ya ukweli na kuitwisha gunia zima la watu wengine. Kila alipojiambia kwamba ameonewa, mkono wake ulikumbuka mililita mbili na nusu. Na kila alipojiambia kwamba anastahili, kichwa kilikumbuka 35 kwa mia. Basi akabaki katikati, bila machozi, akifua nguo ambazo zilikuwa safi.

Kwetu, nyumba ikifiwa, majirani hupeleka maji kwenye kilio. Wenye kuni hupeleka kuni, wenye unga hupeleka unga, lakini maji hayakosi, kwa kuwa watu ni wengi na mama mwenye msiba haruhusiwi kubeba kitu. Jumatano asubuhi mapema Charline alichemsha maji sufuria baada ya sufuria mpaka bidoni ikajaa, akayaacha yapoe, akazivuka zile hatua kumi za parseli, akaiweka bidoni yake mstarini pamoja na nyingine, kando ya mkeka wa wanawake. Wanawake walimsalimu kwa kichwa. Hakuna aliyemfukuza. Baadhi ya wanaume walikuwa wameanza jana yake kuigeuza habari iwe ya makabila, ati mtu wa Butembo kamuua mtoto wa watu wa Masisi. Nizeyimana, bila kupandisha sauti, aliwaambia wainuke waende kuyasemea maneno hayo kwenye nyumba zao. Waliinuka.

Charline alikaa mkekani saa mbili nzima. Aliona bidoni zikifunguliwa moja baada ya nyingine, zikimiminwa kwenye sufuria, zikirudishwa tupu. Ile yake waliiruka. Mama mmoja aliishika mpini, akaitambua kwa kitambaa chekundu kilichofungwa shingoni, akaiacha taratibu kama mtu anayeacha kitu cha moto. Akachukua iliyofuata.

Charline alipotoka kilioni, Victoire alikuwa akimngoja mlangoni kwake, jile yake imekunjwa ndani ya mfuko wa plastiki ili asionekane nayo mtaani.

"Nimekuja tu kukuona, dada."

"Karibu. Leo mulitia vijiko ngapi?"

Victoire alikaa kwenye kibao. "Makumi mbili."

"Na watu?"

"Watu wanakunywa. Charline, usianze. Miye nina batoto ine, na baba yao unamujua. Tena siku ya mutu ikifika, imefika. Hata ungetia pipa nzima, Mungu alikuwa ameisha andika."

"Mungu hakuandika makumi tatu na tano kwenye ile pipa."

"Unaona? Ni hii kinywa njo ilikuleta hapa." Lakini alisema kwa upole, na alikuwa amemletea ndizi. Kabla ya kuondoka aliongeza, akitazama barabarani: "Walituitisha jana. Wametuuliza kama tulisikia ukisema mambo ya poda katika mukutano. Tulisema hatukumbuki."

"Wote watatu?"

"Wote watatu."

Charline alizimenya ndizi na kuzipanga kwenye sinia. Alitambua kwamba angepaswa kumchukia Victoire, na kwamba hawezi. Victoire alikuwa anaogopa tu, kama yeye mwenyewe alivyoogopa baada ya ule mkutano wa Ijumaa, alipochagua kunyamaza. Tofauti yao ilikuwa zile mara mbili Charline alizosema.

Alasiri ile watu wa kilio walipopungua, Dative alikuwa amekaa peke yake nyuma ya nyumba, akichagua maharagwe kwenye ungo. Walimkataza kufanya kazi, alikuwa amewatoroka. Charline alikaa mbele yake juu ya jiwe. Mikono ya Dative iliendelea: punje nzuri huku, mawe kule.

"Dative, ile maji yako nilikuwa natia nusu."

"Ni miye niliomba."

"Uliomba. Lakini miye njo nilikuwa na sindano."

Dative alitupa kijiwe. "Umeisha ambia wale wa ofisi?"

"Bado. Wanataka niandike kama nilipunguza kwa watu wote. Hiyo sikufanya. Poda yenyewe ilikuwa ya nusu, niliwaambia mara mbili. Lakini ya kwako nilifanya, na siwezi kuandika ile ingine bila kukuambia hii."

"Na ungetia yote, angepona?"

Charline alikuwa amelijua swali hilo tangu Jumapili. Alikuwa amelifanyia hesabu kwenye kona ya gazeti, kama alivyofundishwa shuleni. "Sijui. Ningetia yote, ingekuwa nusu. Ile nilitia ilikuwa robo. Wengine walipata nusu na wakagonjwa. Wengine walipata nusu na hawakugonjwa. Sijui, Dative. Nikikuambia najua, nakudanganya."

"Basi hujui."

"Sijui."

Maharagwe yaliendelea kutenganishwa. Dative hakulia. Alionekana kama mtu aliyekaa nje ya nyumba yake mwenyewe.

"Usiweke jina yangu," alisema hatimaye. "Nizeyimana hajui kama nilikuombaka nusu. Akijua, atafikiri ni chai yake iliua mutoto. Hatasema. Atakaa nayo tu, mpaka itamumaliza."

"Sitaweka."

"Na weye usikuje kuniomba musamaha leo. Siko nao. Labda siku ingine. Leo siko na kitu."

"Sikukuja kuomba."

"Ulikuja kufanya nini?"

Charline alifikiri. "Kukuambia kwanza, mbele ya kuandika."

Dative aliitikia kwa kichwa, kama mtu anayekubali bei isiyofaa kwa sababu jua linazama. "Ile bidoni yako," akasema, "niliimwaga maji. Watu walikuwa wanaangalia. Kama ningekuwa peke yangu, sijui." Kisha akamsogezea ukingo wa ungo. Charline akaanza kuchagua naye. Walimaliza ungo mzima.

Alhamisi asubuhi Charline aliikata karatasi ya ofisi kwa rula, akaitenga sehemu iliyopigwa chapa, akachukua karatasi mbili za mistari na kuandika maelezo yake mwenyewe. Evariste alikuwa amekaa mlangoni akinoa patasi. Alipoona mkewe ameanza karatasi ya pili, akasimama.

"Unakataa kweli."

"Sikatai kujieleza. Nakataa kueleza ya wengine."

"Watakufukuza."

"Ndiyo."

Alimtazama, akarudi kunoa. Baada ya muda, bila kugeuka, akamwuliza kama anataka asindikizwe. Charline akasema hapana, lakini akaifurahia sauti hiyo kwa kadiri alivyoweza kufurahia kitu wiki ile, yaani kidogo sana.

Ofisi ya shirika iko Himbi, nyuma ya lango la chuma na bustani iliyomwagiliwa vizuri. Mkuu wa mradi alimpokea kwa heshima, akamvutia kiti, akamwagizia maji ya chupa. Benny alikaa pembeni.

"Mama Charline, pole kwa haya yote," mkuu alisema. "Naomba uelewe. Hatutafuti kumwadhibu mtu. Wafadhili wanataka kujua kilichotokea, na sisi tunahitaji kufunga faili. Ukitia saini, tutakulinda."

"Mutanilinda na nini, shefu?"

Mkuu alitabasamu kidogo. "Na mambo makubwa zaidi."

"Nimeandika maelezo yangu. Naomba niyasome."

"Unaweza kuyaacha kwenye kikapu, katibu atayapokea."

"Yangu mulisoma mbele ya watu mia. Hii nitasoma mbele ya watu wawili."

Benny aliinamisha kichwa. Mkuu alitazama saa yake, akafungua mkono kuashiria aendelee. Charline alisimama. Alisoma kama anavyosoma orodha ya vifaa.

"Mimi, Kavugho Charline, nakiri kwamba siku kadhaa za mwezi wa nne na wa tano nilimtilia mteja mmoja nusu ya kipimo kwa urafiki. Hilo ni kosa langu. Sitamtaja mteja huyo, kwa sababu sindano ilikuwa mkononi mwangu, si mwake. Kwa kosa hilo nifukuzeni, sitabishana. Nakiri pia kwamba niliposema mara mbili na sikusikilizwa, nilinyamaza, nami nilijua nanyamazia nini. Na hilo ni langu.

"Yasiyo yangu ni haya. Sikuinunua poda ya 35 kwa mia. Sikuamuru itiwe kwa kipimo cha poda ya 70. Sikukataa kuleta vidonge vya kupimia. Watu thelathini na mmoja hawakuugua kwa urafiki wangu na mtu mmoja. Waliugua kwa agizo lililotoka katika chumba hiki, lililoletwa ufukoni na Bwana Benny siku ya tatu baada ya mimi kuuliza. Bwana Benny yuko hapa. Anaweza kusema kwamba nasema uongo."

Alimgeukia kumpa nafasi. Benny alitazama viatu vyake safi. Mkuu akasema, kwa upole uleule, kwamba mambo ya kitaalamu yatachunguzwa kwa wakati wake.

Charline aligeuza karatasi ya pili.

"Sidai kazi yangu. Ninalodai ni hili, na nalidai kwenu ninyi mliotoa agizo, si kwa shirika, kwa maana shirika halina mkono wa kuandika. Asubuhi hii, katika vituo vingine vitano, dawa imechanganywa kwa vijiko ishirini, na mama wa watu wanabeba maji yake nyumbani wakiamini dawa imetosha. Kabla jua halijazama leo tumeni watu wakaseme ufukoni, kwa sauti, kwamba maji ya tangu mwezi wa tatu hayakuwa na dawa ya kutosha na yachemshwe. Kesho asubuhi tieni vijiko arobaini. Pipa likiisha mapema, liishe, na mseme hadharani kwamba limeisha. Vidonge vya kupimia viletwe, na kituo kisicho navyo kifungwe mpaka viwepo. Kisha nendeni Majengo, kwenye kilio ambacho bado watu wamekaa, na kwenye nyumba ya yule mzee aliyekufa, mkawaambie wazazi wa mtoto na watoto wa mzee ni nani aliamua, siku gani, na kwa nini. Msimtume Benny. Msinitume mimi. Nendeni ninyi wenyewe."